Kufunika gari au kuliacha wazi? Mambo ya kuzingatia Migori na Homa Bay

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako gari aghalabu hununuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba au kwa jasho la misimu kadhaa ya miwa, samaki na dhahabu, hasara kubwa mara nyingi haitokani na ajali. Hutokana na jua, vumbi, umande na kinyesi cha ndege, maadui wanaoila bodi kidogo kidogo hadi siku mwenye gari anapotaka kuliuza na kutajiwa bei iliyo chini mno ya aliyoitarajia.

Ndiyo maana vifuniko vya gari, vinavyouzwa katika maduka ya vipuri na kutembezwa na wachuuzi, huwavutia wengi. Muuzaji husema kwamba kifuniko kinazuia kila kitu. Fundi wa rangi naye huenda akamwonya mteja wake kwamba kifuniko hicho hicho ndicho kilichomharibia gari. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Kifuniko kinachookoa rangi ya gari lililoegeshwa kwa mwezi mzima uani kule Kendu Bay kinaweza kuikwaruza vibaya rangi ya gari linaloingia na kutoka Macalder kila siku.

Makala haya yanaeleza kinachoharibu gari katika eneo hili, kazi ambayo kifuniko kinaweza kuifanya na ile kisichoiweza, ili msomaji aamue kabla ya kutoa pesa zake.

JUA LA IKWETA

Mji wa Homa Bay uko takriban nusu digrii kusini mwa Ikweta, na ule wa Migori takriban digrii moja. Kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na miezi ya Machi na Septemba, na hata katika miezi mingine halisogei mbali. Isitoshe, uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Migori iko juu zaidi. Miale ya urujuanimno hapa ni mikali mwaka mzima, na wakati wa adhuhuri siku isiyo na mawingu kipimo chake hufika 11 na kupita, kiwango ambacho wataalamu wa hali ya hewa hukiita cha kupindukia.

Rangi ya gari si tabaka moja. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, na mwisho vanishi angavu inayolipa gari mng'aro wake. Matabaka hayo yote kwa jumla yana unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na vanishi pekee haifiki hata nusu ya hapo. Miale ya jua huivunjavunja vanishi hiyo. Kwanza mng'aro hufifia, kisha mabaka meupe hutokea kwenye paa na boneti, na hatimaye vanishi hubanduka kama ngozi iliyoungua. Paa na boneti huharibika kwanza kwa kuwa ndizo zinazolikabili jua moja kwa moja.

Magari mengi ya eneo hili yalitumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika iwapo halijazidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba mnunuzi huanza safari na vanishi iliyokwisha kuchakaa kiasi, na ikiwa gari lilipakwa upya kwenye gereji kwa rangi hafifu, uhai wake huwa mfupi zaidi. Jua halikomi kwenye rangi pia. Hugeuza manjano plastiki ya taa za mbele, hupasua dashibodi na kukausha mipira ya wipa na ya milango.

VUMBI LA BARABARA NA LA MIGODI

Barabara kuu itokayo Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo kuelekea Kisii ni ya lami, lakini mwenye gari akiiacha kwenda nyumbani, mara nyingi hukutana na changarawe na vumbi jekundu. Upande wa Nyatike, hususan karibu na Macalder, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni, kuna vumbi la aina nyingine: unga wa mawe yanayosagwa ili kutoa dhahabu.

Mawe hayo kwa kiasi kikubwa huwa na madini ya kwatsi. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kwatsi iko daraja la 7, ilhali kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Kitu kinachoweza kukwaruza kioo hakishindwi na vanishi. Vumbi hilo likitulia tu juu ya gari halina madhara makubwa. Madhara huanza linaposuguliwa, ama kwa kitambaa kikavu cha kupangusia au kwa kifuniko kinachotikiswa na upepo.

NDEGE, UTOMVU NA MAJIVU YA MIWA

Wakazi wa fukwe za Mbita, Homa Bay, Kendu Bay, Karungu na Muhuru Bay wanawajua ndege wa ziwani. Kinyesi chao kina asidi, na jua linapoipasha vanishi joto, vanishi hulainika kisha hukaza upya ikiwa imeshika alama. Juani, saa chache zatosha kuacha doa lisilotoka kwa sabuni. Wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaoibuka kama wingu la moshi juu ya maji na kufuata mwanga wa taa usiku, nao huacha mizoga inayogandamana na rangi.

Kuegesha chini ya mti hupunguza jua lakini huleta mambo mengine. Utomvu wa mwembe huchubua, matunda ya mzambarau hutia madoa, na matawi ndiyo makao ya ndege wenyewe.

Katika ukanda wa miwa wa Awendo na Ndhiwa, mashamba yanapochomwa, majivu meusi huruka mbali na kutua juu ya kila kitu. Majivu makavu hupeperuka. Yakilowa umande, hubadilika. Mama yeyote aliyewahi kuchuja maji kwenye majivu ili kulainisha mboga za kienyeji anajua nguvu ya maji hayo. Yakikauka juu ya gari asubuhi baada ya asubuhi, huila vanishi polepole.

UNYEVU BILA CHUMVI

Wapo wanaoamini kwamba upepo wa Ziwa Victoria huozesha magari kama upepo wa bahari. Si hivyo. Ziwa ni la maji baridi, na upepo wake haubebi chumvi kama ule wa Mombasa au Lamu, ambako chumvi huharakisha kutu. Mtu asinunue kifuniko kwa hofu ya chumvi isiyokuwepo.

Hata hivyo, kutu haihitaji chumvi ili kuanza. Yahitaji maji, hewa na bati lililo uchi. Penye mkwaruzo uliofika kwenye bati, unyevu ukikaa muda mrefu bila kukauka, kutu huanza. Jambo hili ndilo linalotenganisha kifuniko kizuri na kibaya.

KIFUNIKO KINAPOGEUKA ADUI

Hatari ya kwanza ni msuguano. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani, na alasiri huweza kuwa wa nguvu. Kifuniko kilicholegea hupigapiga bodi siku nzima. Kukiwa na vumbi katikati, kitambaa hicho hugeuka kuwa msasa. Gari lililofunikwa likiwa chafu kila jioni kwa mwaka mzima linaweza kuchakaa kuliko lililoachwa wazi.

Hatari ya pili ni unyevu ulionaswa. Kifuniko cha plastiki kisichopitisha hewa huzuia mvua, lakini pia huzuia mvuke kutoka. Umande wa usiku na unyevu wa ardhini hukusanyika chini yake. Jua likiwaka, maji hayo huchemka taratibu juu ya rangi na kuacha mabaka meupe. Katika msimu wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, gari linaweza kubaki na majimaji kwa siku nyingi, na ukungu ukaota kwenye viti na mikanda.

Hatari ya tatu ni joto la gari lenyewe. Bomba la moshi hupata joto la mamia ya nyuzi. Kifuniko kikitandazwa mara tu injini inapozimwa, kitambaa huweza kuyeyuka au hata kushika moto.

Hatari ya nne ni wageni wasioalikwa. Chini ya kifuniko kuna giza, utulivu na kinga dhidi ya mvua. Panya, hasa katika boma ambalo mahindi yamehifadhiwa karibu, hupapenda na kutafuna nyaya za umeme. Panapoingia panya, nyoka huweza kufuata.

Hatari ya tano ni wezi. Kifuniko huficha vilivyomo ndani, na hilo ni jema. Lakini kikiwa hakijaguswa kwa wiki mbili, kinatangaza kuwa mwenyewe hayupo. Aidha kinamfichia mwizi kazi yake, kwani vioo vya pembeni na taa vinaweza kung'olewa na hakuna atakayejua hadi kifuniko kitakapoondolewa.

Ya sita ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni watoto. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda joto kwa zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi katika muda wa saa moja. Mtoto anayecheza mchezo wa kujificha akiingia ndani ya gari lililofunikwa na mlango ukajifunga, hakuna mpita njia atakayemwona kupitia dirishani. Hata kama kifuniko hupunguza ukali wa jua, kinamwondoa mtoto huyo machoni pa watu. Kwa hiyo hakuna gari lipaswalo kufunikwa kabla ya milango yote, pamoja na ya buti, kufungwa kwa ufunguo na ufunguo kuwekwa mbali na watoto.

AINA ZA VIFUNIKO

Kuna vifuniko vya plastiki tupu. Ni rahisi, huzuia mvua kabisa, lakini havipumui na hupasuka upesi juani. Kwa matumizi ya kila siku katika eneo hili, hivi ndivyo vya kuepukwa kwanza.

Kuna vya nailoni au poliesta nyembamba, ambavyo mara nyingi hupakwa rangi ya fedha upande wa juu ili kurudisha mwanga. Ni vyepesi na hukunjika vizuri. Hufaa kwa kuzuia jua, kinyesi cha ndege na majivu, lakini wepesi wake huvifanya vipeperuke kwa urahisi.

Kuna vya matabaka kadhaa, vyenye kitambaa laini upande wa ndani na tabaka linaloruhusu mvuke kutoka. Hivi ndivyo bora kwa gari linalokaa nje, ingawa ni ghali na vizito kubeba vikiwa vimelowa.

Mwisho ni turubai, ile ya kufunikia mizigo na mahindi. Watu wengi huitumia kwa kuwa wanayo tayari. Turubai ni ngumu, na haifai kugusa rangi ya gari. Ikinyooshwa juu ya miti ili iwe paa, inafaa.

Jaribio rahisi dukani ni kupuliza hewa ya mdomo kupitia kitambaa. Kama pumzi haipiti hata kidogo, mvuke nao utapata shida kutoka. Kisha mnunuzi apapase upande wa ndani kwa kiganja. Ukimkwaruza yeye, utaikwaruza rangi.

Muhimu pia ni kipimo. Kifuniko cha gari dogo la saluni hakiwezi kukaa vyema juu ya Toyota Probox wala gari la aina ya pikapu. Kinachobana hupasuka kwenye pembe, na kinacholegea hupigapiga.

NJIA MBADALA

Kabla ya kununua kifuniko, ni vyema kupiga hesabu ya kibanda. Tuchukue mfano, tukitumia tarakimu za kielelezo tu: kifuniko cha Sh4,000 kikidumu miezi 20 kinamgharimu mwenyewe Sh200 kwa mwezi. Kibanda cha nguzo na mabati cha Sh40,000 kikidumu miaka 15 kinamgharimu takriban Sh222 kwa mwezi. Msomaji aweke bei za fundi na za duka la kwake katika nafasi hizo. Mara nyingi ataona kwamba tofauti si kubwa kama alivyodhani, na kibanda hakisuguani na rangi, hakinasi unyevu, wala hakihitaji kukunjwa alfajiri mtu akichelewa kazini. Pia huzuia mvua ya mawe, ambayo kitambaa chembamba hakiwezi kuizuia isitie bati mabonyeo.

Asiye na uwezo wa mabati anaweza kutumia neti ya kivuli kama ile ya vitalu vya miche. Neti hupunguza jua, hupitisha hewa na haigusi gari. Kigao cha kioo cha mbele nacho ni cha bei nafuu, na huilinda dashibodi kwa gari linaloegeshwa mjini mchana. Vilevile kupaka nta mara kwa mara huipa vanishi ngao nyembamba na kurahisisha kuosha kinyesi na utomvu kabla havijashika.

Mpangaji asiyeruhusiwa kujenga chochote kwenye ploti ndiye ambaye kifuniko huenda kikawa chaguo lake pekee.

NANI AFUNIKE NA NANI ASIFUNIKE

Mwalimu au mfanyakazi wa kaunti anayeendesha gari kila siku kupitia barabara ya vumbi na kulirudisha nyumbani usiku hana haja kubwa ya kifuniko. Usiku hakuna jua, na gari lake huwa chafu. Kigao cha kioo na kuosha kwa maji mengi vyamtosha.

Mwenye gari la abiria linalopumzika saa chache tu naye asijisumbue. Injini yake haipati muda wa kupoa vya kutosha.

Mkazi wa Nairobi aliyeacha gari kwa wazazi kijijini, likisubiri likizo ya Agosti au Desemba, ndiye anayehitaji kinga zaidi. Kwake kibanda ndicho bora. Akikosa kibanda, anunue kifuniko cha matabaka, na awepo mtu wa kukifunua angalau mara moja kwa wiki siku ya jua, kupitisha hewa, kukagua panya na kuwasha injini. Bila mtu huyo, kifuniko kitaficha uharibifu badala ya kuuzuia. Katika sehemu za chini za Nyatike ambako Mto Kuja hufurika, na kwenye fukwe ambazo maji ya ziwa yalizivamia mwaka 2020, gari la aina hiyo liachwe mahali pa juu. Hakuna kitambaa kinachozuia mafuriko.

Anayeegesha mchana kutwa ufuoni, chini ya ndege, au kando ya shamba la miwa wakati wa kuchoma, ana sababu nzuri ya kutumia kifuniko chepesi, mradi gari liwe safi na kifuniko kifungwe barabara. Anayefanya kazi karibu na mashine za kusagia mawe ya dhahabu asifunike gari kabla ya kulisafisha kwa maji.

Gari lililotoka kupakwa rangi lisifunikwe kwa wiki kadhaa, hadi fundi aseme rangi imekauka kabisa. Na aliyeegesha mjini mahali pa kulipia akumbuke kwamba kifuniko huficha nambari ya usajili, ambayo wakusanyaji ada wanahitaji kuiona.

JINSI YA KUFUNIKA

Osha gari kwanza, na uanze kwa kumwaga maji mengi ili mchanga uteremke kabla ya kitambaa kugusa rangi. Maji hayo yenye mafuta na sabuni yasielekezwe mtoni wala ziwani. Liache likauke. Subiri injini na bomba la moshi vipoe hadi uweze kuvikaribia kwa mkono bila kuhisi joto.

Tandaza kifuniko kutoka paani kushuka pande zote, bila kukiburura. Kifunge kwa kamba laini zipitazo chini ya gari, wala si kwa mawe yaliyowekwa juu ya boneti. Unapokiondoa, kikunje kuelekea katikati ya paa ili vumbi la juu libaki nje. Usikiweke chini kwenye mchanga, kwani mchanga huo utarudi juu ya rangi kesho yake. Kikilowa, kianikwe hadi kikauke kabla ya kurejeshwa.

Kifuniko kisichukuliwe kuwa bima. Bima ya lazima kisheria nchini Kenya ni ile ya kuwalinda watu wengine wanaodhuriwa na gari lako. Haitalipia vioo vilivyoibwa wala paa lililobonyezwa na mvua ya mawe. Anayetaka kinga hiyo anahitaji bima kamili, na asome masharti yake kabla ya kutia sahihi.

Kwa muhtasari, maswali ni manne. Je, gari linakaa juani mchana, tena kwa muda mrefu? Je, linaweza kufunikwa likiwa safi na limepoa? Je, kifuniko kinapitisha hewa na kinalikaa vyema? Na je, yupo mtu wa kulifunua na kulikagua? Majibu yote manne yakiwa ndiyo, kifuniko kitalipa gharama yake. Moja likiwa la, ni afadhali pesa hizo ziende kwenye mabati, neti au kopo la nta.